Turbo: ufunge mwenyewe au umlipe fundi?

Kuna imani moja miongoni mwetu sisi watu wa kompyuta kwamba mtu akishajua kufungua programu ya mwenzake na kuirekebisha, basi anaweza kufungua kitu chochote duniani. Jokofu, redio, pampu ya maji, ndoa ya watu :-) Imani hiyo ninayo pia, wala sioni haya. Ndiyo maana turbo ya Forester yangu ilipoanza kupiga mluzi mwezi uliopita na kutoa moshi wa bluu kila ninapoondoka kwenye taa, wazo langu la kwanza halikuwa "nimpelekee fundi gani" bali "je, nina spana za kutosha?"

Wakati huohuo binamu yangu, ambaye ana Toyota Fielder isiyo na turbo, ameingiwa na hamu ya kuiwekea. Ameshaonyeshwa turbo, mabomba na hosi zake, vyote ndani ya katoni moja, na anataka tufunge wenyewe. Wikendi mbili, anasema, tumemaliza. Kwa hiyo nina maswali mawili mezani, na kwa mtu asiyejua magari yanasikika kama swali moja: turbo, spana, wikendi. Hayafanani hata kidogo. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu naona vijana wengi, wenye mambaru na wasio nayo, wakilijibu kwa kuangalia kitu kimoja tu, yaani bei ya ufundi.

Kwa wale ambao hamjawahi kuchungulia chini ya boneti: turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya kwanza. Ya pili, upande wa pili wa mhimili, hunyonya hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma petroli nyingi, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Wazo hili si geni. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905.

Wazo ni rahisi. Kinachotisha ni mwendo. Mhimili wa turbo ya gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 1,600 kila sekunde. Diski ya kompyuta ya 7,200 huzunguka mara 120 kwa sekunde, na sisi huogopa hata kuisogeza ikiwa inafanya kazi. Upande wa moshi, joto linaweza kupita digrii 900. Na katika turbo nyingi mhimili huo haukai kwenye gololi. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili ikikosekana kwa sekunde chache, chuma kinagusa chuma, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Kabla hujasema kwamba turbo ni mambo ya utoto na kelele za usiku Thika Road (kelele zipo, sikatai), kumbuka tunakoishi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ina msukumo wa kama ba 0.83, wakati Mombasa ni ba 1 na kidogo. Maana yake injini isiyo na turbo ikiwa Nairobi inapumua pungufu ya karibu asilimia 18, na ukipanda kwenda Limuru inazidi kukosa. Gari la cc 1500 lenye watu watano na magunia ya viazi linajua ninachosema. Kwa hiyo hamu ya binamu yangu haina wazimu wowote. Tatizo liko kwingine.

Tuanze na Forester, kwa sababu hiyo ndiyo inayoniuma mfukoni. Gari hili ndilo linalompeleka mama kliniki Nyeri kila mwezi, kwa hiyo halina likizo ndefu.

Forester yangu ilizaliwa na turbo. Injini, petroli, kompyuta na mabomba vyote vilipangwa kiwandani vikijua kwamba turbo ipo. Kazi iliyopo ni kutoa kilichochoka na kurudisha kingine cha aina ileile. Unaondoa intakula iliyolala juu ya injini, unaondoa ngao za joto, unafungua bomba la ekzosi, hosi mbili za maji, bomba la oili inayoingia na hosi ya oili inayotoka. Turbo inanyanyuka. Hakuna siri hapo, kuna kutu tu. Bolti za ekzosi zilizopikwa miaka kumi na tano hukatika ukizilazimisha, na hiyo ndiyo sehemu itakayokula muda wangu mwingi. Dawa ya kulegeza kutu inapigwa usiku wa kuamkia kazi, si dakika tano kabla.

Sasa angalia makosa yanayoweza kutokea hapo. Nikifunga hosi ya hewa vibaya, injini itapuliza kama tairi lenye pancha na gari halitakuwa na nguvu. Nitajua dakika hiyohiyo. Gasketi ya ekzosi ikikaa vibaya, jirani wataniambia kabla sijauliza. Hosi ya maji ikivuja, kutakuwa na dimbwi chini ya gari. Haya yote ni makosa yenye kelele, kama programu inayokufa na kukuandikia mstari wa ngapi umekosea. Makosa kama hayo simwogopeshi nayo mtu yeyote. Kosea, funga upya, umejifunza.

Lakini kuna makosa ya aina nyingine, yale ya kimya. Bolti inayoshika bomba la oili kwenye baadhi ya injini za Subaru ina kichujio kidogo ndani yake, mfano wa chujio la chai lakini dogo kuliko ukucha. Oili ikichelewa kubadilishwa, kichujio kinaziba polepole. Turbo inakufa kwa kiu. Mwenye gari ananunua turbo nyingine, anaifunga kwa ustadi mkubwa, kila bolti mahali pake, gari linawaka na kuondoka vizuri kabisa. Baada ya wiki chache mluzi unarudi. Hakuna taa iliyowaka, hakuna dimbwi, hakuna kelele mpaka siku ya mwisho. Turbo hazijifii tu, mara nyingi kuna kitu kilichoziua, na ukibadilisha maiti bila kumtafuta muuaji utarudi dukani.

Kosa jingine la kimya ni silikoni. Wasomaji wenye magari mnaijua ile silikoni ya kuzibia ambayo mafundi wetu huipenda kama mafuta ya mgando. Ukiipaka kwenye mdomo wa bomba la oili la turbo, ile inayobanwa inaingia ndani, inakatika vipande, na kipande kimoja kinatosha kuziba njia. Gasketi kavu ndiyo inayotakiwa hapo. La tatu ni kuwasha injini siku ya kwanza wakati turbo ni kavu. Unatakiwa kumimina oili safi kwenye tundu lake, halafu uzungushe injini kwa stata bila kuiacha iwake (toa fyuzi ya pampu ya petroli) hadi oili ifike. Ukiruka hatua hiyo gari litawaka tu, na halitakuambia kitu.

Kwa hiyo mimi naligawa swali hivi. Siulizi kazi ni ngumu au ni rahisi. Nauliza: nikikosea hapa, nitajua kabla ya kitu kuharibika, au nitajua baada? Yenye kelele nitafanya mwenyewe. Ya kimya nitalipia, lakini nitalipia kipimo, wala si mkono.

Neno hilo la kipimo ndilo wengi wanalolikosa wanaposema "mpe fundi umalizane naye". Nilienda kwa mafundi kabla ya kuamua. Wa kwanza, mtu mzima mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, alinitajia shilingi 12,000 za ufundi, turbo nitafute mwenyewe Grogan. Nikamuuliza, "Mzee, ukishafunga, utapima nini kujua oili inafika?" Akanitazama kwa huruma. "Tutasikiliza, kijana wangu."

Msinielewe vibaya. Sikio la fundi wa miaka thelathini ni kifaa cha maana, na mimi sina sikio hilo. Anaweza kusimama barabarani akakuambia silinda ya ngapi haichomi. Lakini oili isiyofika haina sauti, na mhimili usio na mizani hautasikika kwenye injini inayonguruma bila mzigo. Kwa kazi hii sikio lake na langu ni sawa. Nikimlipa 12,000 ninachonunua ni kasi yake (atamaliza kwa siku moja, mimi mbili au tatu) na mtu wa kulaumu. Na mtu wa kulaumu asiyekupa hata risiti ni ghali kwa bei yoyote, kwa sababu siku turbo ikifa atakuambia ile uliyoleta ilikuwa mbovu, na pengine atakuwa anasema kweli.

Tukiwa bado Grogan: ukinunua turbo iliyotumika, iliyoshuka na injini kutoka Japani, shika mhimili kwa vidole. Ukiusukuma kando utacheza kidogo, hiyo ni kawaida kwa sababu ule utando wa oili haupo. Ukiuvuta na kuusukuma mbele na nyuma usicheze kiasi cha kuhisi. Na feni isiguse ukuta hata ukiibana. Angalia ncha za mapanga yake kwa tochi. Panga moja likiwa limelika au kupinda, rudisha kwa heshima na uende duka la pili. Bei ya chini isikushike mkono.

Mimi sitanunua iliyotumika. Nyumba ya turbo yangu ni nzima, kilichochoka ni moyo wake, ile katriji ya katikati yenye mhimili na feni zake. Hiyo inaweza kutengenezwa upya, na hapo ndipo pesa zangu zitakapoenda kwa furaha, kwa sababu katriji ikifunguliwa na kuwekewa vipuri vipya lazima ibalansishwe kwenye mashine maalumu. Katika mizunguko 1,600 kwa sekunde, uzito mdogo kuliko chembe ya mchanga upande mmoja ni nyundo. Hakuna spana, ujanja wala video itakayokupa mashine hiyo jikoni kwako. Sehemu nilizouliza zilikuwa mbili. Mmoja aliniambia atanipa karatasi yenye grafu ya mizani kabla na baada. Mwingine aliniambia nimwamini. Mnajua nimemchagua nani.

Haya, sasa Fielder ya binamu.

Hapa kila kitu kinageuka. Injini yake ni 1NZ-FE ya cc 1500, na uwiano wake wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Injini nyingi za petroli za miaka hiyo zilizotoka kiwandani na turbo zilikuwa na 8 au 9. Sababu ni kwamba hewa iliyobanwa na turbo inafika ikiwa imebanwa tayari na ina joto. Ukiibana tena mara kumi na nusu, petroli inaweza kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Ni kama kumpiga mtu ngumi ya uso anapopanda ngazi. Mlipuko huo ukirudiwa mara kadhaa kwa presha kubwa, pete za pistoni zinavunjika au pistoni inatoboka. Hapo ndipo fundi anakuambia injini imenoki, na unaanza kuuliza bei ya nusu injini.

Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Tuseme binamu anaweka turbo ya presha ndogo tu, ba 0.5. Nairobi anaanza na 0.83, kwa hiyo injini inapata 1.33. Hiyo ni hewa mara 1.6 ya aliyoizoea hapa (nimeacha hesabu ya joto pembeni). Petroli lazima iongezeke kwa kiasi hichohicho na zaidi. Gari likienda taratibu kompyuta hulenga sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, lakini chini ya presha ya turbo unataka 12 au hata 11, maana petroli ya ziada hupoza silinda. Je, injekta za Fielder zinaweza kutoa kiasi hicho? Pampu je? Na sensa ya hewa, inaweza kuhesabu kiwango ambacho kiwanda hakikuwahi kukiwaza?

Halafu Desemba inafika, na binamu anateremka Mombasa kama kila mtu. Ba 0.5 ileile juu ya hewa ya pwani inakuwa 1.51. Hiyo ni asilimia 13 au 14 zaidi ya ile iliyopimwa Nairobi, tena hewa ya moto. Gari lililotulia Waiyaki Way linaweza kunokia Mtito Andei likiwa na watoto nyuma. Mtu aliyefunga turbo hiyo kwa sikio, Nairobi, hakukosea bolti hata moja. Kila kitu kimekaza. Kosa limejificha ndani ya jedwali la namba.

Na hapa ndipo imani yetu ya watu wa kompyuta inapokuwa hatari, maana jedwali la namba ni nyumbani kwetu! Kwa Subaru kuna RomRaider, programu huria ambayo inakufungulia kumbukumbu ya kompyuta ya gari na kukuonyesha majedwali yake: petroli kiasi gani, cheche wakati gani, kwa kila mwendo na kila mzigo. Nimeyafungua ya Forester yangu, yanapendeza kuliko riwaya. Kwa magari mengine kuna kompyuta za kujiundia kama MegaSquirt ya Bruce Bowling na Al Grippo, au Speeduino, ambayo unaweza kupakua programu yake yote ukaisoma mstari kwa mstari. Binamu anajua mambo haya ndiyo kazi yangu, na ndiyo maana kanijia.

Lakini kubadilisha namba kwenye kisanduku ni kazi ya mtoto wa darasa la sita. Kujua namba ipi ndiyo kazi, na namba hiyo haitoki kwenye shahada yangu. Inatoka kwenye kipimo: sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi inayoonyesha mchanganyiko halisi, kifaa cha kusikiliza kunoki, na gari likiwa limefungwa juu ya rola za daino ili lipewe mzigo kamili bila kuua mtu barabarani. Kale kadude ka bei rahisi ka kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu hakatoshi. Kanasoma polepole mno, na kunoki hakungoji zamu yake. Nikiandika programu mbovu narudisha toleo la jana na maisha yanaendelea. Kumbukumbu ya kompyuta ya gari nayo naweza kuirudisha kama ilivyokuwa. Pistoni yenye tundu sina toleo lake la jana.

Kwa hiyo kwa Fielder ningelipa, na ningelipa pesa nyingi, sehemu yenye daino. Mabomba na hosi tungeweza kufunga wenyewe nyuma ya nyumba tukaokoa elfu kadhaa, halafu gari livutwe hadi huko bila kuendeshwa hata kilomita moja chini ya presha. Ukijumlisha injekta, kompyuta, daino na ile katoni yenyewe, binamu anakaribia tofauti ya bei kati ya Fielder yake na gari lililozaliwa na turbo. Nimemwambia hivyo. Amenuna. Nimemwambia pia awaandikie watu wake wa bima kabla ya kugusa kitu, kwa sababu bima ya gari inasimama juu ya ukweli uliousema siku ya kuichukua, na gari lenye turbo si lile uliloliandikisha. Hilo ndilo lililomnyamazisha zaidi, nadhani kwa sababu lina karatasi.

Mpango wangu wa Forester ni huu. Ijumaa usiku dawa ya kutu. Jumamosi natoa turbo, gari likiwa juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake (mtu asikudanganye kwamba ni dakika mbili tu). Jumatatu katriji inaenda kubalansishwa. Ikiwa kule, nabadilisha bomba la oili pamoja na bolti yake yenye kichujio, nashusha sampu kuangalia kama kuna unga wa chuma, naosha intakula maana imekunywa oili ya kutosha. Gasketi zote mpya, silikoni hakuna. Nimeazima geji ya presha ya oili. Nitaifunga kwa muda ili siku ya kuwasha nione namba kabla sijasikia chochote.

Kliniki ya mama ni tarehe 24. Nimejipa hadi tarehe 15. Siku hiyo ikifika na bolti za ekzosi bado zinanikatalia, nitaita gari la kuvuta na kumpelekea yule mzee wa "tutasikiliza" na 12,000 zake, nikiwa na geji yangu mkononi.